Gari la Baba na Njia ya Pantoni

Ifakara

Kaka yangu mpendwa Dionisi,

Shikamoo, na Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo huko Tabora? Na wifi Agnetha, lile goti limemwachia? Sisi tunapumua kwa neema ya Mungu, mpunga umeshika vizuri, ila mdogo wako nina hofu. Usinicheke mwandiko, naandikia magotini. Kwenye simu nisingeweza kusema, Baba anakaa karibu.

Unaikumbuka Biuki yake, lile gari aliloachiwa na Padre. Boneti ndefu kama mtumbwi, na ndani silinda nane zimejipanga mstari mmoja kama watoto wa komunyo ya kwanza. Baba alijisifu kwamba ukiweka maji juu ya injini inayounguruma hayamwagiki, na wewe ukajaribu kwa kikombe cha Mama, kikavunjika.

Sasa, tangu Pasaka Baba hanijui. Mara ananiita sista, mara muuza samaki. Nikawa nimezoea. Ndipo Seni, yule fundi Msukuma wa pawatila, yale matrekta ya kusukuma kwa mkono, akaomba aliguse gari lililokuwa limekufa bandani. Alicheka sana, akasema hata ng'ombe wa baba yake hawajawahi kujipanga hivyo. Alihangaika nalo kwa majuma, na Jumapili moja tumetoka misa, likawaka. Kaka, Baba aliinuka na kikombe cha uji mkononi, akasema, Domitila, silinda moja inakosa moto, mwambie huyo fundi. Domitila! Nililia mbele ya wageni.

Juma lililofuata nilirudi kutoka shamba Namawala nikakuta banda wazi. Matairi yalikuwa yamechora tope, hayakuelekea darajani, yalifuata njia ya zamani ya pantoni. Unajua mvua za mwaka huu, mto umepanda mpaka kwenye matete. Nilichukua bodaboda nikisali Salamu Maria bila kumaliza hata moja.

Nilimkuta pale pale tulipokuwa tunasubiri zamani. Magurudumu ya mbele yako majini, injini inaunguruma, naye anapiga honi kuiita pantoni kutoka ng'ambo. Aliponiona akanigombeza kwamba nimechelewa, nipande, Mama anatungoja Lupiro. Mama, Dionisi, tuliyemzika wenyewe. Nilimwambia siku hizi kuna daraja. Akacheka, akauliza daraja la nani, mto huu haukubali daraja. Maji yalikuwa yanasogea kwenye taa. Nikapanda, nikamdanganya kwamba nahodha amesema leo wanavusha wagonjwa tu, turudi kesho. Akanung'unika, akaweka rivasi, akatoka kwenye tope lile kama kijana.

Tulipofika nyumbani akazima. Kabla boneti haijapoa, akaniuliza mimi ni binti wa nani.

Seni alinionyesha kidude kidogo cheusi kinachogawa moto kwenye plagi, wanakiita rota. Akasema, mama, hiki ukikitoa gari haliendi popote. Nikakitoa. Majirani wote wanajua nimekitoa, hata Paroko alinisifu.

Lakini wewe nikuambie ukweli. Kila jioni nakifungua kutoka kwenye pindo la khanga, kilipo pamoja na rozari, nakirudisha mahali pake, napiga stata. Baba anakaa kwenye usukani, mimi pembeni, ananiita Domitila, tunazungumza. Ananiuliza habari zako. Kisha nakitoa tena.

Jana alinitazama mkono wakati nakitoa. Leo asubuhi nimeamka pindo la khanga limefunguliwa, rozari ipo chini na rota haipo. Nimetafuta mpaka kwenye mifuko yake. Ameketi mlangoni mwa nyumba amevaa lile koti la safari, anatabasamu, ananiita sista. Nimeburuta kinu nikakiegemeza kwenye mlango wa banda, na nimekaa juu yake nakuandikia. Seni yuko Mchombe, nimemwita. Naogopa ule mto, kaka. Na Mungu anisamehe, naogopa pia siku ambayo injini haitawaka tena.

Msalimie wifi na watoto, waambie shangazi yao anawaombea. Wewe ndiye mkubwa, niambie tufanye nini na gari hili. Nijibu upesi, tafadhali.

Mdogo wako,
Domitila