Mukono Inatetemeka, Lakini Sikuroga Muntu

Mpendwa Mama Kapya wa redio, naomba unisikie mbele ya kunihukumu. Niko mwanamuke wa Katuba, bwana yangu Mulenga anatumika ku mugodi ya shaba, na tangu utoto naogopa macho ya bantu, nikiwa na batoto bangu napika, naimba, nacheka, lakini bageni bakiingia mukono inatetemeka, moyo inapiga mbio, basi nikazoea kukimbilia jikoni, na bantu ba bukwe bakasema niko na kiburi. Ku kilio cha baba mukwe balinituma nigawe sahani za bukari, ugali yetu, mbele ya familia yote, sahani ikaanguka, nikakimbia, na mama mukwe akasema bote basikie, "Muntu mwenye roho safi hatetemeke hivi. Huyu anajua kilichomuua bwana yangu."

Tangu siku ile banasema niko mulozi. Banataka banipeleke kwa nabii mumoja ku Kasomeno, nikiri. Bwana yangu anasema, "Kubali tu, Mwaba, tupate amani." Nikamujibu, "Sikuroga muntu, sitakiri." Jumapili mama mukwe na dada za Mulenga balikuja, nikafunga mulango. Banasema batarudi. Nifanye nini?

Mwaba, Katuba

Mwaba binti yangu, ulijibu vizuri, usirudishe neno lako. Kutetemeka si ulozi. Ni woga wa macho ya bantu, ugonjwa kama mwingine, na madokta banaujua. Nenda hospitali, uulize dokta wa magonjwa ya akili. Hiyo haiseme uko na wazimu.

Lakini mimi pia nitakugombeza. Kila mara unapokimbia, unaulisha woga, nao unanenepa. Anza pole pole. Alika jirani mumoja unayemupenda, umumiminie chai. Mukono ikitetemeka, usiifiche. Baki pale mpaka woga ushuke wenyewe, kwa sababu unashuka. Kisha alika babili. Kisha nenda ku misa, ukae mbele.

Na wewe Mulenga, najua unasikiliza. Amani gani hiyo unayoinunua na jina ya muke yako? Dada zako bakirudi, wewe mwenyewe njo utasimama ku mulango.

Mwaba, usijifiche nyuma yake. Toka, umusalimie mama mukwe kwa heshima, na umuambie mbele ya bote: "Mama, pole na kufiwa. Ndiyo, natetemeka. Na kwa nabii siendi."