Tulimnunia Mkuu Wetu

3 Februari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na wajukuu hawakuchoshi. Mimi mzima wa mwili, ila moyoni nina donge.

Unajua nilisomea kazi ya maabara, lakini hapa chuoni niliwekwa mapokezi. Sasa mtaalamu wa maabara amestaafu na mlango una kufuli. Cheti changu kiko kwenye faili, kwa hiyo mkuu wangu wa idara lazima anajua. Lakini kila asubuhi ananipita akiuliza, "Habari za simu?" Kana kwamba simu ndiyo mwanangu.

Wenzangu nao wana yao, basi tumemnunia. Hapa mkubwa akikuudhi, huingii chumba cha chai akiwamo. Anakunywa peke yake na hata haulizi. Asipotambua kufikia mwisho wa mwezi, naacha kazi. Mtu mzima hafundishwi kuona.

Mpwa wako


10 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Goti linalalamika kwenye ngazi tu, na wajukuu wananichosha kwa raha zangu.

Nilikuwa mkuu wa idara mpaka kiti kikachukua umbo langu, basi acha nikueleze jinsi mambo yanavyoonekana ukiwa umekikalia. Kutwa unagongewa mlango na wenye shida. Asiyegonga unamhesabu ameshiba. Wewe unanuna, yeye anamshukuru Mungu kwa kumpa mtumishi asiye na neno. Mficha uchi hazai, mwanangu.

Kisha pima unachomdai. Kukusikiliza na kukujibu ukweli ni wajibu wake, hilo mdai bila aibu. Kubembeleza ni kipaji, wengine hawakujaliwa. Na ajira yenyewe huenda haimo mkononi mwake kabisa. Ukimdai vyote kwa mkupuo, utamchukia kwa asichokuwa nacho.

Gonga mlango, sema unachotaka kwa sentensi moja, kisha nyamaza mpaka ajibu. Hapo kwenye kunyamaza ndipo wengi huharibu.

Mjomba wako


6 Machi

Mpwa wangu,

Hujambo huko uliko? Mwisho wa mwezi umepita, nami sijui kama nakuandikia chuoni au kwa mama yako. Nilikushauri uzungumze na mkuu wako. Sikukuambia huko kununa unihamishie mimi.

Mjomba wako mwenye wasiwasi


19 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo, na unisamehe. Nilikuwa naosha chupa za maabara, zilizojaa vumbi na mijusi.

Siku niliyopanga kugonga, tuliitwa mkutanoni kwanza. Mkuu akasimama kutusifu: eti tuna bidii mpaka hata chai hatuna muda nayo. Tulitazamana, mjomba, tukakosa pa kuweka nyuso. Wiki zote zile yeye alikuwa anatuonea fahari.

Nikagonga. Nikasema, "Nataka kazi ya maabara. Nimeisomea." Nikanyamaza mpaka masikio yakavuma. Akasema alidhani naipenda simu, kwa kuwa wazazi wa wanafunzi wananisifu. Faili langu hajawahi kulifungua. Nikamweleza na ile habari ya chai. Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akanijibu kweli: ajira ni ya baraza la chuo, yeye anaweza kuniombea tu. Ila ufunguo anao yeye, akanikabidhi niwe huko kila asubuhi.

Baraza bado halijajibu. Litajibu litakavyojibu, nami sasa nangoja nikiwa na kazi mkononi.

Jana wanafunzi walifanya jaribio la kwanza. Maji yalipogeuka waridi, darasa zima lilishangilia. Nikamwona mkuu mlangoni, mikono nyuma. Akatazama weee, kisha akageuka aende zake bila neno. Zamani ningelibeba lile mpaka nyumbani nikalilalie.

"Mkuu," nikamwita, "kama imekupendeza, tuambie."

Akasimama, akakohoa, akatazama viatu vyake.

"Imenipendeza," akasema. "Imenipendeza sana."

Mpwa wako wa maabara