Kuhusu Ile Kalamu ya Dhahabu ya Baba Yako

Nyumbani kwa marehemu Karani Haruna,
Ujiji, Kigoma.
Jumapili, 9 Juni 2024

Mpendwa mwanangu Sefu,

Asalaam aleikum, baba. Kabla ya yote niambie kifua kinaendeleaje. Mara ya mwisho kwenye simu nilikusikia unakohoa, ukajifanya unacheka. Mimi ndiye niliyekuzaa, kikohozi chako nakijua. Mnasema huko Bremen sasa ni majira ya joto, lakini joto lenu mimi siliamini, vaa fulana ndani. Unakula? Ile ganzi ya vidole imekuacha?

Sisi huku tupo, tunamshukuru Mungu. Presha yangu inapanda na kushuka. Ziwa lenyewe halishuki, linapanda tu. Kule Kibirizi limeingia mpaka pale dada yako Shadia alipokuwa anaanika dagaa, amehamia juu kwenye mawe na kila asubuhi anagombania nafasi na wenzake. Lakini mzima, na ulimi wake mzima pia.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Kwenye simu nikianza jambo refu unaniambia "mama, mtandao", na hapa nyumbani simu ikilia kila mtu anasogeza sikio. Hili nataka ulisome ukiwa umekaa. Mwandiko utauvumilia, darasa langu la nne unalijua.

Ni ile habari ya kalamu ya baba yako. Ulisema yule mzee wa Kijerumani unayefanya naye kazi ghalani anakusanya kalamu za wino za zamani, kama watoto wa hapa wanavyokusanya vifuniko vya soda. Ukasema kama hii yetu ni dhahabu tupu, na nibu yake, ile ncha ya kuandikia, ni ile iliyozaliwa nayo, atainunua kwa bei ya kukupatia nauli ya kuja nyumbani. Lulu wa Shadia aliponisomea ujumbe huo nilimwambia asome tena. Halafu nikaenda kukaa uani peke yangu.

Sefu, moyo wangu uligawanyika. Upande mmoja uliomba iwe dhahabu, uje nikuone. Upande wa pili uliomba isiwe.

Nikueleze, maana wakati huo wewe hukuwa umezaliwa. Kalamu ile baba yako alipewa na mfanyabiashara wa Kalemie, kwa sababu alimwandikia barua zilizomtolea shehena yake iliyokuwa imekwama bandarini. Zawadi haikataliwi. Akaiweka mfuko wa shati, na tangu hapo ukimwona anapandisha njia kutoka kazini unaona kwanza kile kimeta, kisha ndiyo unamwona mtu.

Jioni barazani kwetu palijaa. Huyu ana ndugu Uvira, yule ana mwana Bujumbura, mwingine mume kavuka ziwa kanyamaza. Baba yako anaandika, anapulizia wino, anainua uso, anauliza, "Nimwambie na nini tena?" Watu walipenda kuulizwa hivyo. Wengine walikuwa wamemaliza, lakini akishauliza wanakumbuka jambo, ndilo linakuwa barua yenyewe. Akija kula, tonge lake la ugali lina alama ya bluu. Nilikuwa namwambia, "Haruna, utakufa umejaa wino tumboni." Ananiambia, "Basi malaika hawatapata shida ya kuandika."

Sasa kulikuwa na Songoro, fundi cherehani, unamkumbuka. Ijumaa moja, watu wanatoka msikitini, akapaza sauti: "Karani! Dhahabu mfukoni, halafu unawahi safu ya mbele? Sisi tulioacha dhahabu kwa wake zetu ndio wajinga?" Watu wakacheka. Baba yako akamjibu, "Wewe nimalizie suruali yangu ya tangu mfungo mosi, ya mfuko wa shati niachie mwenyewe." Wakacheka zaidi. Lakini mchana ule chakula hakukimaliza.

Neno likiota mdomoni mwa watu haling'oki. Hata siku ya arobaini yake, nikiwa nachota maji uani, nilisikia mtu akisema, "Karani alikuwa mtu wa dini kwelikweli, Mungu amsamehe tu ile dhahabu." Nimekaa na neno hilo miaka yote hii. Sikukwambia. Mtu anayesali, anayefunga Jumatatu na Alhamisi, anayejua dhahabu ni haramu kwa mwanamume, halafu aondoke duniani na deni la kimeta!

Kwa hiyo uliponiagiza niichunguze kalamu, ilikuwa kama umeniagiza nikampime baba yako.

Tulianza hapa hapa. Lulu akaipiga picha. Uani ikatoka nyeupe, chini ya taa ikatoka nyekundu kama shaba, dirishani ndiyo ikawa dhahabu. Nikamwambia usimtumie mjomba wako, atachanganyikiwa. Jirani Zuhra akaichukua akaiuma kwa jino, akatuambia utamu wa dhahabu anaujua. Shadia akamwambia, "Mama Zuhra, na hilo jino lenyewe la kubandika." Wamenuniana siku mbili.

Ndipo nikapanda bajaji mpaka mtaa wa Mwanga kwa Leonardi, yule sonara Muha mwenye kijumba karibu na soko. Amezeeka sasa, lakini mkono hautetemeki. "Mwakeye, mama!" akanisalimu kwa Kiha tangu mlangoni. Nikamwambia, "Leonardi, nataka ukweli, hata kama unauma." Akasema, "Ukweli hauumi, mama. Unaouma ni ule uliochelewa."

Akavaa kile kioo chake cha jicho moja. Hakukwangua wala hakumwagia dawa, akasema kitu cha marehemu hakichubuliwi. Akaigeuza taratibu. Akanionyesha pale kidole gumba cha baba yako kilipokuwa kinakaa. Sefu, pamelika! Pamefanya kishimo kama ngazi ya nyumba ya zamani, na ndani ya kile kishimo rangi ni nyingine, ya shaba. Niliweka kidole changu pale. Kilienea.

Halafu akasoma maandishi madogo chini ya kile chuma cha kubania mfukoni. Akanisomea herufi moja moja, akasema neno hilo analijua, Wakongo humletea cheni zimeandikwa hivyo hivyo, wanaita plake. Maana yake shaba iliyovishwa dhahabu. "Ni koti tu, mama. Dhahabu tupu huandikwa namba yake, tena hailiki ikatoa rangi nyingine. Ikilika inabaki dhahabu."

Nikashusha pumzi. Nikasema alhamdulillahi. Na papo hapo nikakukumbuka wewe, nauli yako ikaenda majini mbele ya macho yangu. Nilitoa machozi ya furaha na ya huzuni kwa jicho lile lile.

Ila Leonardi hakuwa amemaliza. Akatoa sumaku, akaisogeza kwenye nibu. Nibu ikavutwa ikanata. Akasema, "Unaona? Hii nibu ni chuma. Si ndugu wa kalamu hii. Kalamu za namna hii hata koti lake likiwa la kuvishwa, nibu huwa dhahabu ya kweli." Nikajiambia, kumbe dhahabu ilikuwemo. Kumbe Songoro alisema kweli.

Leonardi akaniangalia usoni, akazidi kuniangalia, mpaka nikajitanda kanga vizuri. Mara akaanza kucheka, akacheka mpaka kile kioo kikamdondoka. "Mama Mwanvua, umeniletea kiwiliwili, kichwa umekivaa!"

Sikumwelewa. Akanyoosha kidole kwenye pua yangu.

Kipini changu, Sefu. Akaniambia kazi ile aliifanya kwa mkono wake, miaka ikapita akaisahau mpaka alipokiona kipini. Baba yako alimwendea kibandani, siku chache baada ya lile neno la Songoro, na nibu imefungwa kwenye leso. Alimwambia koti la kalamu ameshamwuliza sheikh, akaambiwa ni rangi, halina neno. Lakini nibu imeandikwa namba ya dhahabu. "Zawadi siwezi kuitupa, na hii siwezi kuishika. Iyeyushe, unifanyie kitu cha mke wangu, na kalamu uipachike chuma." Leonardi akamwuliza kama sasa atamwambia yule anayemcheka. Baba yako akasema, "Songoro akijua atatafuta lingine. Hili nimeshalizoea."

Nilipewa kipini kile mwaka wa foleni za sukari, nikiwa na mimba yako. Hakuna nyumba Ujiji iliyokuwa na kitu. Nikamwuliza, "Haruna, dhahabu hii umeitoa wapi mwaka kama huu?" Akaniambia, "Imetoka mfukoni mwangu." Mimi nikajua amejinyima akanunua. Mtu huyu hakusema uongo hata siku moja, ila ukweli wake alikuwa anauvalisha.

Na nikakumbuka kitu kingine nikiwa kwenye bajaji narudi. Kalamu ile mwanzoni ilikuwa inateleza kimya. Halafu ikaanza kukwaruza, kwaru, kwaru, ndiyo sauti uliyolala nayo wewe utoto wako wote. Nilipomwuliza alisema imezeeka kama yeye. Alikuwa hana hata miaka arobaini!

Sikwenda nyumbani moja kwa moja. Nilimwambia kijana wa bajaji anipitishe kwa Songoro. Yupo, lakini haoni tena tundu la sindano, anakaa tu karibu na cherehani. Nikamsimulia yote. Akakishika kitambaa kilichokuwa mapajani. Akasema, "Yaani aliniacha nicheke miaka yote hiyo?" Nikamwambia ndiyo. "Basi yule karani ameniweza. Sasa radhi nitamwomba wapi?" Nikamwambia amwombee dua, na Ijumaa akawaambie wenzake kwa sauti ile ile aliyosemea mwanzo. Juzi amesema. Shadia alisikia kwa wanaume wa sokoni kabla mimi sijasikia.

Sasa tuje kwetu. Yule mzee wako mwambie ukweli, usimpunguzie neno. Kalamu ni shaba iliyovishwa, imelika pa gumba, na nibu yake si ya asili. Usije ukamwuzia kwa kunyamaza. Akiuliza nibu ya asili iko wapi, mwambie ipo, ina kazi nyingine, na mwenyewe haiuzi.

Najua maana yake. Nauli tuliyokuwa tunaitegemea haipo. Sikufichi, siku mbili nilikuwa nachambua mchele, mawe natupa na mchele namwaga. Uliondoka ukiwa na miaka thelathini na mitatu, na simu inanionyesha mvi kwenye ndevu zako.

Lulu ananiambia tuitume kalamu kwa posta, uwe nayo hata kama haiuzwi. Nimekataa. Si kwa ubaya, baba. Umebaki wewe mwanamume wa nyumba hii, kalamu ni yako, lakini urithi hufuatwa, hautumwi. Itakaa kwenye kanga yangu ndani ya sanduku mpaka siku utakayopiga hodi. Dunduliza huko, na sisi tudundulize huku. Hata ikichukua misimu miwili ya dagaa, njoo.

Shadia anakusalimu, anasema ukija umletee koti la mvua. Lulu anakuamkia shikamoo mjomba. Zuhra naye amesema nisisahau kumtaja, jino lake linakusalimu. Mzee Songoro anaomba umtumie salamu hata neno moja, nitamsomea.

Mungu akufungulie njia pale unapoona ukuta, akupe afya ya kifua na watu wema mezani. Nakuombea kila sala, na nikimaliza nakaa kidogo kwenye mkeka, najiuliza kama angekuwa yeye anayeandika hapa, angeinua uso aniulize nikwambie na nini tena. Ningemjibu: mwambie arudi nyumbani.

Ni mimi mama yako, nisiyechoka kukupenda,

Mwanvua