Gitaa Nyuma ya Pazia

Ndia Kuu, Mombasa
9 Novemba 1947

Kwa kaka yangu mpenzi Athmani, huko Tanga.

Shikamoo kaka. Natumai barua hii itakukuta mzima, chakula cha huko kimekukubali, na yule karani mkubwa wako amepunguza ukali. Sisi sote hatujambo. Mama kifua kimemwachia, na sauti ya kunigombeza imemrudia yote.

Barua yako ilifika Jumatatu ya juzi. Umesema gitaa lako tumpe rafiki yako Sheikhan, kwa kuwa ni kigitaa rahisi kinachooza bure ukutani. Kaka, nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujakasirika, kwa sababu gitaa uliloliacha silo lililopo sasa, na mimi sitaki litoke nyumba hii.

Wakumbuka lilivyokuwa. Funguo za kukazia nyuzi ziliteleza. Ukimaliza kuukaza uzi wa sita, wa kwanza umeshalegea. Funguo zile nimezing'oa zote. Nimepata nyingine za shaba kwa seremala mmoja wa Makadara, alizitoa kwenye gitaa lililopasuka tumbo, nazo zakaza kweli kweli. Kile kijiti laini kilichobeba nyuzi pale shingoni nimekitupa, nikaweka mfupa wa ng'ombe niliousugua kwa msasa siku tatu mpaka vidole vikawaka moto. Nyuzi za utumbo zimekwenda zao, sasa ni za chuma. Na hapo, kaka, ndipo penye mambo.

Yuko fundi wa redio aitwaye Kitsao, Mgiriama, aliyekuwa akitengeneza simu za jeshi wakati wa vita. Alikuja kutazama redio ya marehemu Baba, akaona gitaa mlangoni, akatoa siri. Alisema ukichukua kile kidude cha simu cha kuwekea sikio, ukatoa bati lake la mbele na kukiweka chini ya nyuzi za chuma, sumaku iliyomo husikia kila uzi unavyotetemeka. Waya wake huingia nyuma ya redio, pale panapoungwa gramafoni. Akatuletea kimoja kikuukuu. Akaja alasiri nne, yeye akieleza barazani, na huku ndani nyuma ya pazia kazi ikifanywa, chuma cha kulehemu kikipashwa kwenye jiko la Mama.

Siku ya nne tuliwasha redio nikagusa uzi mmoja tu. Wallahi, nilidhani nyumba nzima imeitika! Paka alitoka mbio, Mama akaangusha upawa, kisha akaja akasimama karibu yangu, akaniambia niguse tena. Nilicheka hata machozi yakanitoka. Sijapata kufurahi hivyo tangu Baba afariki.

Sasa niungame, maana nimekuzungusha vya kutosha. Fundi Kitsao hakujua kwamba ananifundisha mimi. Niliogopa akijua ni msichana atakataa, na mtaa upate la kusema. Nikamwambia kupitia pazia kwamba umerudi kwa likizo, una homa, huwezi kutoka, na mimi nakupelekea maneno tu. Akiuliza jambo, natembea hatua nne, nahesabu hadi kumi, narudi na jibu lako. Siku ya pili akakuletea mwarobaini uliochemshwa, akasema haondoki mpaka kikombe kirudi kitupu. Nimeunywa, kaka. Ulimi ulikuwa mchungu hadi Isha.

Na kulipiga nimejifunza pia, tangu ulipoondoka, miezi minane sasa. Shangazi Bimdogo amenisikia, na harusi ya bintiye Tumu mwezi ujao anataka nipige uani kwake, mbele ya wanawake peke yao. Nimekubali.

Juzi Sheikhan alikuja kulichukua. Alikuwa ameshasikia kwa Kitsao kwamba umerudi. Alinikuta napiga nyuma ya pazia, akadhani ni wewe, akakaa barazani akisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akamwambia Mama: "Mwambieni Athmani nakae na gitaa lake. Mkono kama huo sijapata kuusikia Mombasa hii."

Mama aliporudi ndani hakunigombeza. Alisema tu, "Keti umwandikie kakako."

Gitaa limebaki, kaka, na ningeweza kunyamaza. Lakini nilisimama nyuma ya pazia nikisikia sifa zangu zikienda kwa mtu aliye Tanga, na ziliniuma kuliko matusi. Sitaki kulipata kwa jina lako. Niandikie mstari mmoja, kwa mkono wako, kwamba gitaa hili ni la Mwanakuu. Nitampa Mama aupeleke kwa Sheikhan na kwa Kitsao, wausome wote wawili. Na ukikataa, nitalifunga kwa kanga nimpe Sheikhan mimi mwenyewe, uso kwa uso, nimwambie aliyekuwa akilipiga ni nani. Vyovyote utakavyoamua, hilo atalijua.

Mama akusalimu sana, na Shangazi Bimdogo, na Tumu. Naingoja posta.

Mdogo wako akupendaye, na aliyekusingizia homa,
Mwanakuu