Maman, Usimunyang'anye Jina

Saint-Gilles, Bruxelles, tarehe 17 mwezi wa tisa

Maman mupenzi,

Ninakusalimia kwa jina la Yesu, na nimepiga magoti kwanza kabla ya kushika kalamu, ingawa wewe huwezi kuniona. Goti lako la kuume linaendeleaje? Ile dawa ya kupaka niliyomupa maman Yolande ilifika kwenu Baraka, ama iliishia njiani Bujumbura? Mvua imeanza? Sisi huku tuko wazima kiasi. Océane amerudi shuleni, ana miaka tisa sasa, na meno yote ya mbele yameota. Mimi bado niko hospitali kule Jette, ninaogesha wazee na kuwageuza kitandani, na mugongo unaniuma kama kawaida. Ya mume wangu, mutoto wako Éliézer, nitakuambia, usikimbilie mbele.

Barua hii inaletwa na Tatiana wa kwaya yetu, anayepita kwenu akienda Fizi. Nimemuomba akupe mukononi mwako, asimupe Florent. Nisamehe, Maman, lakini simu yako inakaa mufukoni mwa shemeji Florent, na vocal, ule ujumbe wa sauti, ikifika anaisikilizisha nyumba nzima mpaka kuku. Haya mambo ni ya masikio yako kwanza. Wewe ulifundisha shule miaka thelathini, vaa miwani usome polepole.

Vocal yako tuliisikia. Ulisema mutoto aliyemuvunja baba yake taya hawezi kutembea na jina lako, na kwamba Jumapili ya kwanza ya mwezi wa kumi utasimama mbele ya jamaa yote umunyang'anye, jina lirudi kwenye ukoo, apewe mutoto mwingine. Toinette, binti yetu huyo unayemusema, aliisikiliza mara moja tu, amesimama jikoni. Halafu akazima moto wa maharage akaenda kulala. Donc acha nikueleze kutoka mwanzo mambo ya kule ziwani, kabla hiyo Dimanche haijafika.

Unamujua mwana wako na maji. Miaka yote hii anaosha treni huku, lakini mudomo wake haujawahi kutoka Tanganyika. Mwaka huu akasema vacances, siku za likizo, hatukai tena kwenye balkoni kuhesabu treni za kituo cha Midi. Akakodi péniche huko Uholanzi, yaani nyumba inayoelea juu ya maji, yenye vyumba viwili na jiko, kwenye ziwa kubwa ambalo ng'ambo yake huioni. Wiki moja, kuvua na kula. Watoto waliruka kwa furaha, na mimi pia, sitakudanganya.

Siku ya kwanza aliimba tangu asubuhi. Alikuwa anamuita Toinette maman, kama alivyomuita tangu siku ulipomupa jina lako: maman lete chumvi, maman shika kamba. Yeye ndiye ndoyi wako, na kwetu anayebeba jina la mama yako ni mama yako. Humutukani, humuinulii mukono. Éliézer aliishika hiyo desturi vizuri, miaka kumi na tisa yote. Mimi ndiye alikuwa ananipiga. Mimi sina jina la mama yake.

Alikuja na rungu la kuulia samaki. Wewe unajua, kwenu sangala mukubwa anapigwa kichwani kabla hajaingia mutumbwini, la sivyo anavunja watu miguu. Nikaliangalia lile rungu vizuri: kumbe ni muchi wangu wa kutwangia majani ya sombe, ule uliotupa kwa ndoa! Ameukata katikati bila kuniuliza. Nilikasirika, lakini nikaendelea kupanga sahani. Samaki wa kwanza alikuwa mudogo, wa kiganja tu. Akamupiga, akaendelea kumupiga, kichwa kikawa uji, damu ikarukia gauni nyeupe ya Océane. Océane alicheka, halafu akaacha kucheka.

Baada ya hapo, siku mbili, hakuna kitu. Upepo ukaja, péniche ikawa inagongagonga kwenye nguzo, sahani zikavunjika, watoto wakatapika. Éliézer alikaa nje na bia zake, anatukana samaki wa wazungu kwamba wana roho mbaya. Siku ya nne, saa nane za mchana, fimbo ikapinda. Alipigana na yule samaki mpaka vidole vikachanika. Akamutoa: brochet, murefu, mwenye meno kama musumeno, anajipinda kwenye mbao na kumwaga damu kila mahali. Maman, mwana wako alilia. Alisema laiti baba yake angekuwa hai amuone.

Lakini huko kuna sheria. Samaki akiwa mufupi kuliko kipimo, unamurudisha majini. Toinette alikuwa ameisoma ile karatasi ya kibali, akamupima, akamuambia baba yake kwamba anapungua vidole viwili. Éliézer akasema vidole viwili havijawahi kumufunga muntu. Saa ile ile tukaona mashua ya wakaguzi inakuja. Éliézer aliingia ndani kutafuta kisu, na Toinette akafikiria dossier, ile faili ya baba yake ya uraia, ambayo tunaingojea mwaka wa tatu. Akaogopa kosa moja tu lisiiharibu. Akamuinua brochet kwa mikono miwili, akamuachia majini. Wakaguzi wakapita mbali, wakatupungia mikono, wakaenda zao.

Éliézer alitoka na kisu, akaona mbao tupu. Akauliza samaki yuko wapi. Toinette akamueleza kwa heshima, nakuapia, kwa heshima kabisa. Éliézer akamupiga kofi, mutoto akaangukia meza. Akafungua mukanda, akamuchapa kwa upande wa chuma, mugongoni na mapajani, na kwa kila pigo anamuuliza samaki yuko wapi. Nilimushika mukono, akanitupa kwenye mulango, kioo kikapasuka, nikakatika kwenye kiwiko. Nilipoinuka alikuwa amemushika Toinette nywele. Akamulaza ukingoni akazamisha kichwa chake majini, akisema basi aende akamulete. Akamutoa. Akamuzamisha tena. Océane alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Mara ya tatu, miguu ya Toinette ikaacha kupigapiga.

Kwenu walisema nini? Walisema Toinette aliokota rungu akamuvunja baba yake. Eh Maman, muntu mwenye kichwa majini anaokota nini?

Ni mimi. Ni mimi Mathilde, mukwe wako. Ule muchi ulikuwa umebingirika mpaka miguuni pangu, kati ya vioo. Nikauokota nikamupiga Éliézer begani, akamuachia mutoto. Nikamuvuta Toinette juu, akatapika maji, akapumua. Ingeishia hapo, ningetembea na kichwa juu. Lakini Éliézer alikuwa amepiga magoti, mikono mitupu, ananitazama. Akaniita jina langu, polepole, kama muntu anayeomba. Ndipo nikamupiga tena, ya taya. Nilisikia mufupa unavunjika kama muhogo mukavu. Mutoto alikuwa ameshaokoka, Maman. Pigo la pili lilikuwa langu mwenyewe, la miaka ishirini. Nilitaka afe.

Hakufa. Watu wa péniche ya jirani walifika, kisha polisi. Kabla sijafungua mudomo, Toinette, midomo bado ya bluu, akasema ni yeye. Akaniambia kwa Kiswahili ninyamaze, kwamba kesi itanifukuza hospitali, na Océane atachukuliwa na serikali. Nikanyamaza. Nilimuacha mutoto wangu abebe. Kila asubuhi ninaosha miili ya wazee na ninajichukia.

Éliézer anajua vizuri nani alimupiga, alikuwa ananitazama machoni. Lakini waya zilikuwa zimefunga taya, polisi wakamupa karatasi, akaandika jina la Toinette. Mutoto akikosa adabu, aibu ni ya mutoto. Muke akikuvunja taya, utapitaje Saint-Josse kwa kinyozi mbele ya wanaume wenzako? Sasa anakaa huko Saint-Josse kwa rafiki yake, anakunywa supu kwa murija, na sikio la kushoto halisikii. Supu ninaipika mimi. Sijui kwa nini.

Jumatatu ninaenda polisi kusema yote. Kama ni kazi, waichukue. Kama ni mimi, wanichukue. Toinette hajui bado, angenifungia mulango. Lakini nilitaka wewe utangulie kujua.

Siku ya ndoa ulinikalisha chini ukaniambia Éliézer ana mukono wa baba yake, nivumilie, na ukanionyesha kidole chako kilichopinda. Nimevumilia. Kwa pigo la kwanza siombi musamaha. Kwa la pili ninakuomba, kwa sababu ni mutoto wako, ulimuzaa na unamulilia. Unaweza kunilaani mimi, nitaipokea. Toinette, hapana. Siku ile Éliézer alikuwa anazamisha jina la nani?

Juzi kwenye tram mwalimu wa zamani wa Toinette alimuita kutoka nyuma kwa jina lake lote, Antoinette, Antoinette. Hakugeuka. Nikamugusa bega, akaniambia jina hilo si lake tena, linangoja mwenyewe. Basi nina ombi moja tu. Munyang'anye Florent simu kwa dakika moja, utume vocal. Usihubiri, usieleze. Muite tu jina, mara moja, kwa sauti yako.

Wasalimie shemeji na watoto wote, na maman Yolande mukimuona. Océane anakutumia busu, na anauliza kama kuku mweupe bado hai. Kaa na Mungu, Maman, na lile goti lisilale kwenye baridi.

Mimi mukwe wako,
Mathilde