Kofia ya Kardinali Brévillac

Maurevart,
Jumapili jioni, 27 Agosti 1961

Baba yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, umgawie na dada Honorine, na zitakazobaki uwamwagie njiwa wako pamoja na mahindi yao ya asubuhi. Kifua kinaendeleaje? Hewa ya bahari imeanza kukusaidia, au bado unakohoa vumbi la pamba kama ulivyokuwa ukikohoa hapa? Mimi sina ugonjwa. Nakula, ingawa siku hizi bila hamu, na sababu yake utaiona mbele.

Barua ya Honorine ilinifikia Alhamisi. Anasema ulisoma katika gazeti la jimbo kwamba kofia ya Kardinali Brévillac imeanguka yenyewe siku ya Kupalizwa Bikira Maria. Ukalikunja gazeti, ukaenda kwa njiwa, ukakaa huko mpaka supu ikapoa. Uliporudi ulisema, "Kama Mungu amemtoa toharani, mimi ni nani nimshike mguu?" Kesho yake ukajikokota hadi kwa padre wa kijiji, ukaungama kinyongo ulichokibeba tangu utotoni.

Baba, niliposoma hayo nilipaswa kufurahi. Badala yake nilipandwa na hasira, na unanijua, mimi si mtu wa hasira. Mimi ni mtu wa kusema "ndiyo, Padre" na kufunga mlango taratibu.

Nianze na kitabu. Tangu Januari Kanoni Wastiau, katibu mkuu wa Askofu Mkuu, amenikalisha niandike maisha ya maaskofu wote wa Maurevart, kuanzia yule mtakatifu wa kwanza aliyekuja kwa miguu hadi huyu tuliyempata majira ya kuchipua. Niliipenda kazi hiyo. Niliyaandika mema yao na mabaya yao kama nilivyoyakuta. Kumbe kila jioni Kanoni alikuwa akipita nyuma yangu na kalamu yake. Askofu aliyekaa miaka yote katika mji mkuu, akidai mji wetu unanuka ngozi mbichi, Kanoni aliandika kwamba aliwapenda kondoo wake kwa mbali. Yule aliyeuza kengele za Kanisa Kuu anunue mbwa wa kuwindia, ikawa kwamba alithamini ukimya wa sala. Nilicheka, nikaacha. Waliokufa zamani mno hawana mtu wa kuwalilia, nikajiambia, na waliodhulumiwa nao ni hivyo hivyo.

Kisha tukafika kwa Brévillac. Wewe huhitaji kusimuliwa, ulikuwepo, umeshika sketi ya mama yako. Lakini niache niyaandike walau mahali pamoja, maana kitabuni yamefutwa. Wafumaji waligoma, askari wakafyatua risasi mbele ya soko la nguo, na Babu Florimond akaanguka na wenzake. Majeneza yakaletwa Kanisa Kuu. Kardinali akaamuru milango ifungwe, kwa kuwa waliogoma dhidi ya mabwana zao wamegoma dhidi ya Mungu. Mkasimama kwenye mvua mpaka mbao zikavimba. Wakazikwa bila kengele, bila maji ya baraka, bila padre. Mahali pa hayo Kanoni ameandika: "Alikuwa imara katika siku ngumu."

Na kofia je? Mtaa wetu wote ulilelewa na kofia ile. Kardinali akifa, kofia yake nyekundu hutundikwa juu ya kaburi lake, na haiguswi na mkono wa mtu. Inaachwa ioze na kuanguka yenyewe, na ikianguka watu husema roho yake imepokelewa mbinguni. Ya Brévillac ilikataa kuanguka. Vita viwili vilipita, madirisha yakapasuka, yenyewe inaning'inia tu kwenye chuma chake nguzoni. Mama Zulma, muuza kome wa uwanjani, ananiuliza kila asubuhi mbele ya wateja, "Wewe kijana wa askofu, mzee wetu bado anakaangwa?" Nikisema bado, anajibu, "Basi waongeze kuni, mwanangu, huyo ana mafuta mengi." Na wewe mwenyewe hujawahi kuniandikia barua isiyouliza kama kofia ipo.

Mwezi Oktoba tutakuwa na yubilei, na wageni watatoka mbali. Kanoni aliona aibu. Alisema kaburi la kardinali haliwezi kuwa mzaha wa wauza samaki.

Siku moja kabla ya sikukuu, saa ya chakula cha mchana, Kanisa likiwa limefungwa, alimwita seremala na ngazi ya kuwashia taa. Seremala akapanda na mkasi wa bustani. Kofia ilianguka kama njiwa aliyepigwa na mwewe, vishada vyake vikatawanyika, vumbi likapanda. Alikuwapo mtu mmoja aliyethubutu kusema, kwa sauti ndogo, kwamba kofia haikuanguka, imekatwa. Kanoni hakukasirika hata kidogo. Alijipangusa mabega, akasema, "Kijana, kitu kilichokatwa huanguka. Tutakaposema imeanguka, tutakuwa tumesema uongo gani?"

Kijana huyo ni mimi, Baba. Na nilikuwapo kwa sababu ngazi ilihitaji wa kuishika.

Haikuishia hapo. Kanoni alinirudisha ofisini, akanisomea habari ya gazetini, nami nikaiandika. Pale ulipochoka kwa maneno makavu ya Kanoni, ukafika kwenye sentensi isemayo kwamba kofia "ilishuka kama mtu aliyechoka kusubiri kusamehewa", sentensi hiyo hakunisomea yeye. Niliitunga mwenyewe, kwa kuwa habari ilionekana haina mwisho mzuri, naye akanisifu. Honorine anasema hiyo ndiyo uliyoisoma mara mbili kabla ya kulikunja gazeti.

Ndiyo maana nilikasirika. Walimfungia Babu mlango. Kisha wakaja kuchukua msamaha wako kwa hila, kitu pekee tulichokuwa nacho ambacho walikihitaji, na wakatumia mkono wa mwanao kuuchukua. Mtu akiomba msamaha ananyimwa au anapewa. Hawa hawakuomba.

Kofia ilikuwa imewekwa kwenye sanduku ndani ya chumba cha sakristia, ikisubiri kabati la kioo. Jana mchana, Kanoni akiwa mezani, niliitoa. Unajua kwamba mimi hata juu ya kiti huona kizunguzungu. Niliiegemeza ngazi ile ile, safari hii bila mtu wa kuishika, nikapanda nimefumba macho nikiomba huku nikitukana. Niliifunga kwa uzi wa kitani uliouacha kwenye kopo lako. Kisha nikashuka, nikanawa mikono, nikarudi kwa maaskofu wangu.

Leo ilikuwa Misa ya shukrani. Askofu Mkuu, ambaye kwa haki niseme aliamini kila alichoambiwa, alihubiri kuhusu huruma isiyochoka kungoja. Akanyoosha mkono kuelekea kaburi, na watu wote wakainua macho. Kisha nikasikia sauti ya Mama Zulma kutoka viti vya nyuma, si kubwa, lakini Kanisa lile halifichi kitu: "Kumbe amerudishwa. Hata huko juu wamemkataa."

Watu walicheka, Baba, ndani ya Misa. Askofu Mkuu hakucheka. Aliitazama kofia kwa muda mrefu. Nilidhani atauliza ni nani aliyeirudisha. Aliuliza swali jingine: "Nani aliiteremsha?" Kanoni alikuwa akitazama viatu vyake, na alipoinua uso alinitazama mimi.

Kesho asubuhi tumeitwa sote, Kanoni, seremala na mimi. Kanoni amenipitia jioni hii na kunieleza, kwa upole, kwamba karani mwenye busara hakumbuki mambo ya ngazi, na kwamba kiti cha mkuu wa nyaraka kitakuwa wazi Krismasi. Naogopa sana. Lakini nitasema yote, pamoja na ile sentensi ya gazetini. Mwambie Honorine anitandikie kile chumba kidogo juu ya banda, huenda nikawahi kufika kuliko barua yangu ijayo.

Nawe usinielewe vibaya. Sikuandika ili nikurudishie kinyongo, maana Honorine anasema unalala vizuri zaidi. Ukitaka kumsamehe Brévillac, msamehe, lakini umsamehe kofia ikiwa juu, bila kusukumwa na mkasi wa mtu. Ukitaka kuuchukua tena msamaha wako, ni wako. Padre wa kijiji hataelewa. Babu ataelewa.

Nisalimie Honorine na majirani, na yule njiwa jike mweupe uliyeniandikia kwamba amechelewa kurudi. Usitoke kwenye upepo bila skafu. Uniombee kesho.

Na kama bado unapenda kuuliza: ndiyo, ipo. Nimeifunga kwa fundo la wafumaji, lile ulilonifundisha kuungia uzi uliokatika.

Mwanao akupendaye,
Evrard