Mwezi Aliosema Ameuona

Jumamosi, Iringa mjini, chumba cha gesti. Upepo mkavu, baridi ya kukunja vidole, na nina hasira ambayo sijui nimpe nani.

Mume wangu yuko bafuni anaimba. Naandika haraka kabla hajatoka.

Mnaonisoma hapa mnamjua Baba Upendo: Mhehe wangu, dereva wa lori la mchele, Chimala hadi Iringa na kurudi, tangu hajanioa. Mwezi wa tano daktari kule Mbeya alimwambia ana presha ya macho. Uoni uliokwisha kupotea haurudi, dawa ya matone ni ya kulinda uliobaki. Tukamuuliza umebaki kiasi gani, akasema atarudia vipimo. Baba Upendo hakurudi kupimwa. Tajiri wake alimpa mapumziko, na Jumatatu anamtegemea kwenye lori.

Yeye anasema anaona vizuri tu, ukungu kidogo asubuhi, basi. Nyumbani anajua kila kiti kilipo, nami nilitaka sana kuamini.

Safari hii aliiomba mwenyewe. Miaka yote anakipita kibao cha Isimila na lori lake, hajawahi kukata kona kwenda kuona nguzo ambazo wazungu wanapanda ndege kuzifuata. Halafu ana rafiki yake wa utotoni, mwalimu, shuleni kwake wana darubini ya kuangalia nyota. "Mama Upendo, na sisi tukatembee kama watu," aliniambia. Jamani! Mtu ambaye hajawahi kunipeleka popote zaidi ya misibani na harusini. Nikaazima gari la kaka yangu mbio, nikasema naendesha mimi, leseni yangu mpya inataka mazoezi.

Na njia anaijua, yule mtu. "Punguza, kuna tuta." Kweli, tuta hilo hapo. Chimala akasema wameshaanza kukoboa. Makambako akapandisha kioo kabla upepo haujatupiga. Mafinga akasema mbao zile bado mbichi, wataziuzaje. Nilikuwa nacheka peke yangu kwenye usukani. Nikasema huyu haumwi, daktari kakosea. Ndaga Kyala, nikamshukuru Mungu kwa kikwetu.

Kumbe alikuwa ananusa pumba na mbao, anasikiliza injini inavyopanda mlima, na kona anazitambua kwa kiuno.

Isimila hajawahi kukanyaga. Korongo ni kavu, mchanga mtupu, na nguzo za udongo zimesimama juu hadi shingo inauma ukizitazama. Nilizipenda kwa dakika chache. Nikageuka nimwambie apige picha, nikamkuta amesimama mbele ya nguzo moja nene, ameinamisha kichwa kidogo kwa heshima.

"Kamwene," akaiambia.

Kwao ukimpita mtu bila salamu umemtukana. Akangoja aitikiwe. Kijana aliyekuwa anatutembeza akacheka, akadhani baba anatania. Baba Upendo naye akacheka, lakini alichelewa. Kisha akashika koti langu kwa nyuma, na hakuliachia mpaka tuliporudi kwenye gari.

Nilijiambia ni jua, lilikuwa linampiga usoni.

Jioni tukamfuata mwalimu kule shuleni kwake. Akaisimamisha darubini uwanjani, nusu mwezi umeshatoka na bado kuna mwanga. Alikuwa anaendelea kukazakaza miguu ya ile mashine, Baba Upendo akawahi kuinama na kuweka jicho.

"Aisee! Naona mpaka mashimo yake!"

Kifuniko cha mbele kilikuwa bado hakijatolewa.

Mwalimu akaniangalia. Nikamtikisia kichwa, nikimwomba asiseme. Mume wangu akaendelea kusifu, mwezi mkubwa namna gani, unang'aa namna gani, Mungu fundi. Alisifu sana, maskini, kama mgeni anayesifu chakula ambacho hakijapakuliwa. Alipotoka, mwalimu akakitoa kifuniko taratibu, akakitia mfukoni, akaniambia, "Karibu, shemeji."

Nikaangalia. Mashimo yapo kweli. Ni mzuri kupita maelezo, na nilitamani kuutukana.

"Umeona?" akaniuliza kwa furaha.

"Nimeona, Baba Upendo."

Mwalimu aliaga harakaharaka, akasema amesahau jambo nyumbani.

Njiani kuja hapa mume wangu alikuwa ananipigapiga begani. Eti nimechoka, kesho ataendesha yeye mpaka Mbeya, mkono uanze kuzoea kabla ya Jumatatu. Nilikata tamaa palepale kwenye kiti. Sina hata daktari wa kumkimbilia, wa Mbeya alishasema uoni haurudi. Na mume wangu hajawahi kufanya kazi nyingine, hajawahi hata kutaka nyingine. Ukimwondolea lori unamwachia nini? Na nikimwachia, je, wale watakaokutana naye barabarani? Pale Igawa watoto wanavuka wakitoka shule.

Nimemeza chai tu.

Funguo za gari nimezitia kwenye sidiria, zinanichoma.

Ameacha kuimba. Namsikia anapapasa ukuta, anautafuta mlango, huku ananiuliza funguo nimeziweka wapi asije akazisahau asubuhi. Nikimjibu kwamba simpi, itanibidi nimwambie sababu.

Nianze na ipi, ya nguzo au ya mwezi?